Aliyeteswa Amejifunza Nini?

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hii hapa kambini tunaitumia karibu kila siku. Tunaisema kwenye foleni ya mgao, tunaisema tukiambiwa tusubiri wiki nyingine, tunaisema hata tukitaniana. Na ni kweli, hakuna wa kuibishia. Lakini nyuma yake tumeficha imani nyingine ambayo hatuitamki: kwamba mwenye njaa, yeye, anamjua mwenye njaa. Kwamba mtu aliyefukuzwa kwao hawezi kumfukuza mwenzake. Kwamba sisi tulioteseka, siku tukipata nguvu, tutakuwa watu wa haki kuliko wale waliotutesa.

Imani hii haiko kwetu peke yetu. Nimeiona hata kwa ndugu zetu wa mashirika. Mwingine anafika hapa akiamini kwamba mkimbizi ni mtu aliyesafishwa na mateso. Sasa siku anakuta mkimbizi anamnyanyasa mkimbizi mwenzake, anashtuka. Wengine wanakata tamaa kabisa, wanasema: kumbe na hawa wako hivyo hivyo.

Swali langu leo ndilo hilo. Je, mateso yanamfundisha mtu haki? Mimi nafundisha historia sekondari hapa kambini, kwa hiyo nitajibu kwa historia, na nimechagua historia ya Waingereza. Najua kuna atakayeuliza: Waingereza tena? Si ndio hawa waliotangaza mwaka 2022 kwamba watu wanaoomba hifadhi kwao watapelekwa Rwanda, mpaka Mahakama yao ya Juu ikasema mwaka 2023 kwamba mpango huo ni kinyume cha sheria? Ndio hao. Siwaleti hapa kama walimu wetu. Nawaleta kwa sababu kwa muda wa miaka mia moja na hamsini hivi walikimbiana wao kwa wao kwa ajili ya dini na utawala, na kila upande ukapata zamu yake ya kuteswa na zamu yake ya kutesa. Tena waliandika sana, kwa hiyo tunaweza kuwafuata hatua kwa hatua. Ukitaka kujua mateso yanamfanya nini mtu, pale kuna ushahidi wa kutosha.

Tuanze mwaka 1553. Malkia Mary, Mkatoliki, anachukua ufalme baada ya kaka yake mdogo Edward kufa. Chini ya Edward kanisa la Uingereza lilikuwa la Kiprotestanti. Mary anataka kulirudisha kwa Papa. Kati ya mwaka 1555 na 1558 watu karibu 280 walichomwa moto kwa kosa la uzushi, wengi wao watu wa kawaida: wafumaji, wakulima, wajane, vijana. Mahali paliposifika kwa mioto hiyo ni Smithfield, uwanja wa soko la mifugo pale London. Wengine walikimbia, karibu watu 800, wakavuka bahari kwenda Ujerumani na Uswisi. Walifika Frankfurt, Strasbourg, Zürich na Geneva. Ndiyo, Geneva hiyo hiyo ambako leo kuna makao makuu ya UNHCR.

Sasa tazama maisha yao kule, uone kama huyatambui. Pale Frankfurt serikali ya mji iliwapa kanisa, walitumie kwa zamu pamoja na wakimbizi wa Kifaransa. Haukupita muda wakaanza kugombana. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kitabu cha sala. Kundi moja lilisema tusali kama tulivyokuwa tukisali nyumbani, tusipoteze desturi yetu. Kundi lingine, likiongozwa na John Knox, Mskoti, lilisema desturi ile bado ina uchafu wa zamani, tuiache. Machi 1555 likafika kundi jipya na mtu aitwaye Richard Cox, likaanza kuitikia sala kwa sauti kama nyumbani, na kanisa likagawanyika. Unajua walivyomaliza? Watu wa upande wa Cox walichukua maandishi ambayo Knox alikuwa amemlinganisha Kaisari wa Ujerumani na Nero, wakayapeleka kwa wakuu wa mji. Wakuu wa mji wakaogopa hasira ya Kaisari, wakamwambia Knox aondoke. Mkimbizi alimchongea mkimbizi mwenzake kwa serikali ya nchi iliyowapokea, na neno lililotumika lingeweza kumtoa roho.

Mwaka 1558 Mary akafa, dada yake Elizabeth akashika ufalme, na wakimbizi wakarudi nyumbani. Siku ambayo kila mmoja wetu anaiota, wao waliipata. Tena hawakurudi kuwa watu wa chini. Cox akawa askofu wa Ely. Edmund Grindal, aliyekuwa mkimbizi Strasbourg, akawa askofu wa London na baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury. Edwin Sandys, aliyekimbilia Strasbourg na Zürich, naye akaja kuwa askofu wa London. Kwa mawazo yetu ya kawaida, hawa ndio watu ambao wangekataa kabisa mtu mwingine asiteswe kwa ajili ya dhamiri yake.

Haikuwa hivyo. Kwanza ikawa zamu ya Wakatoliki. Kuanzia mwaka 1581 asiyehudhuria kanisa la serikali alitozwa faini ya pauni 20 kwa mwezi, pesa ambayo mtu wa kawaida hakuiona kwa mwaka mzima. Mwaka 1585 Bunge likapitisha sheria kwamba padri wa Kiingereza aliyepewa upadri ng'ambo akikutwa ndani ya nchi ni msaliti, hukumu yake ni kifo. Katika utawala wa Elizabeth mapadri zaidi ya 100 waliuawa. Sasa wakawa wao wanaovuka bahari usiku, na wao wakafungua chuo cha wakimbizi, kule Douai, mwaka 1568.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni la mwaka 1575. Siku ya Pasaka ya mwaka huo, watu zaidi ya 20 walikamatwa wakisali ndani ya nyumba moja pale Aldgate, London. Walikuwa wakimbizi kutoka Flanders, sehemu ya Ubelgiji ya leo, ambako utawala wa Hispania ulikuwa ukiwaua watu wa imani yao. Walikuwa Waanabaptisti, waliofundisha kwamba ubatizo ni wa mtu mzima aliyeamua mwenyewe. Walikuwa wamekimbilia Uingereza wakiamini wamefika mahali salama. Aliyewahoji ni askofu wa London, yule Sandys, mkimbizi wa jana. Baadhi waliikana imani yao, wengine wakafukuzwa nchini, na wawili, Jan Pieters na Hendrik Terwoort, walichomwa moto mwezi wa saba, Smithfield. Uwanja ule ule.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sandys alikuwa amekwisha kuujua uchungu wa mkuki huo. Ulimfundisha nini?

Hapa inabidi tuwe waangalifu. Ni rahisi kusema hawa walikuwa wanafiki. Mimi sioni hivyo. Naona walijifunza kitu kutoka kwenye mateso yao, ila walijifunza somo moja kati ya mawili yaliyokuwepo. Mtu akipigwa kwa ajili ya imani yake, au kabila lake, au lugha yake, anaweza kulalamika kwa namna mbili. Anaweza kusema: wamempiga mtu wa kweli. Au anaweza kusema: wamempiga mtu. Siku ya kwanza malalamiko haya mawili yanasikika sawasawa, kwa sababu anayelia ni yule yule na kidonda ni kile kile. Tofauti inaonekana siku fimbo inapohamia mkono mwingine. Aliyelalamika kwamba fimbo ilimpiga asiyestahili, sasa anaamini amepewa nafasi ya kumpiga anayestahili. Hajisikii kama amebadilika. Kwa macho yake bado anasimamia kile kile alichokisimamia alipokuwa mkimbizi.

Kuna mtu mmoja kati yao aliyefika katikati ya njia. Ni John Foxe. Naye alikuwa mkimbizi Frankfurt na Basel, na mwaka 1563 alitoa kitabu kikubwa sana cha habari za wale waliochomwa wakati wa Mary, kitabu ambacho Waingereza wa Kiprotestanti walikisoma kwa vizazi vingi. Mwaka 1575, aliposikia wale Waanabaptisti watachomwa, alimwandikia Malkia barua kwa Kilatini, akamsihi asiwachome. Alikuwa amekusanya habari za moto kwa miaka mingi mno, hakuweza kunyamaza. Namheshimu kwa hilo. Lakini katika barua hiyo hiyo alikumbusha kwamba zipo adhabu nyingine, kifungo na kufukuzwa nchini zikiwemo. Kwake kosa lilikuwa ukali wa adhabu. Kwamba mtu aadhibiwe kwa anachokiamini, hilo aliliacha lilivyo.

Hata mahali papya hapakuwafundisha. Mwaka 1630 Wapuritani wengi walivuka bahari ya Atlantiki kwa sababu maaskofu wa mfalme Charles I walikuwa wakiwabana, wakaanzisha mji wa Boston kule Marekani. Wamepata ardhi, wamepata serikali yao wenyewe, hakuna askofu wa kuwasumbua. Mwaka 1658 wakatunga sheria kwamba Mkweka aliyefukuzwa akirudi atauawa. Wakweka ndio hawa tunaowajua kwetu Kivu na Burundi kama Kanisa la Marafiki, watu wasiobeba silaha. Kati ya mwaka 1659 na 1661 wanne walinyongwa Boston, mmoja wao mama anayeitwa Mary Dyer. Aliyeamuru mauaji hayo yakome ni mfalme Charles II, mtoto wa yule mfalme waliyemkimbia.

Basi nani alijifunza lile somo la pili? Walikuwepo, wachache. Namchukua mmoja, Thomas Helwys. Alikuwa mtu wa Nottinghamshire mwenye mali na elimu ya sheria. Karibu mwaka 1608 yeye na wenzake walikimbilia Amsterdam kwa sababu kukusanyika nje ya kanisa la serikali lilikuwa kosa. Nyumbani mke wake Joan aliwekwa gerezani York. Baada ya miaka michache Helwys akarudi Uingereza na kikundi kidogo, akaanzisha kanisa la Kibatisti pale Spitalfields, nje kidogo ya kuta za London. Na mwaka 1612 alitoa kitabu.

Mwaka huo huo wa 1612, watu wawili, Bartholomew Legate na Edward Wightman, walichomwa moto kwa uzushi, wa mwisho kuuawa hivyo nchini Uingereza. Katika hali hiyo Helwys aliandika kwamba mfalme ana mamlaka juu ya mwili na mali ya mtu, ila juu ya roho hana. Dini ni kati ya mtu na Mungu wake. Akasema hata kama watu ni wazushi, au Waturuki, yaani Waislamu, au Wayahudi, si kazi ya serikali ya duniani kuwaadhibu kwa hilo. Na Wakatoliki vilevile: wakiwa raia wanaotii sheria, mfalme asidai zaidi. Alimtumia mfalme James nakala, ndani yake ameandika kwa mkono wake kwamba mfalme ni mwanadamu atakayekufa, si Mungu. Nakala hiyo ipo mpaka leo katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Helwys aliwekwa katika gereza la Newgate, na kufikia mwaka 1616 alikuwa amekwisha kufa.

Msimfikirie Helwys kama mtu mpole wa kukubaliana na kila mtu. Alikuwa mkali. Aliamini Kanisa Katoliki limepotoka kabisa, na maaskofu wa mfalme wamelifuata nyuma. Aliandika pia kwamba wale waliokimbia nchi, na yeye akiwemo, walifanya vibaya kuwaacha wenzao. Hapo simfuati; aliyewahi kukimbia na mtoto mgongoni anajua kwa nini. Lakini ukali wake ndio unaonifundisha. Wengi wetu tunadhani ili kumwacha mtu huru ni lazima kwanza tumpende, au tuone na yeye ana ukweli kidogo. Helwys hakuwa na hisia hizo. Aliwatazama watu aliodhani wanakwenda motoni, akasema: pamoja na hayo, fimbo isiwaguse. Alikuwa amelalamikia fimbo yenyewe.

Sasa nasikia pingamizi, na ni pingamizi la haki. Mtu atasema: wewe mwalimu unaongea vizuri, lakini wale waliotuumiza tukiwaachia nafasi, si wataturudia? Waingereza nao waliuliza hivyo, na hofu yao ilikuwa na sababu. Mwaka 1570 Papa alitangaza kwamba Elizabeth si malkia halali na raia wake hawana wajibu wa kumtii. Mwaka 1605 Wakatoliki wachache walificha mapipa 36 ya baruti chini ya Bunge ili wamlipue mfalme na watu wake wote. Mwanafalsafa John Locke, ambaye naye alikuwa mkimbizi Uholanzi kuanzia mwaka 1683 mpaka 1689, aliandika barua maarufu ya kutetea uhuru wa dini. Lakini humo humo akawaacha nje wasioamini Mungu, kwa sababu aliona kiapo chao hakina maana, na wale ambao dini yao inawafanya wamtii mtawala wa nje. Msomaji wa wakati ule alielewa mara moja kwamba anawasema Wakatoliki.

Kwa hiyo hata Locke, mkimbizi, mtu wa akili nyingi, aliporudi nyumbani alibaki na orodha ya wasiohusika. Hofu yake ninaielewa. Lakini angalia Helwys aliandika lini: miaka saba tu baada ya yale mapipa ya baruti. Alijua habari hizo kama kila mtu. Tofauti ni kwamba alimtazama mtu na alichotenda. Anayebeba baruti akamatwe, ahukumiwe kwa baruti. Anayesali kwa Kilatini nyumbani kwake hajabeba kitu. Kumhukumu wa pili kwa kosa la wa kwanza, eti kwa sababu wanafanana, ndiyo kazi ile ile tuliyofanyiwa sisi. Wengi wetu tuko hapa kwa sababu kuna siku mtu alisema: hawa wote ni wamoja.

Waingereza hawakumsikiliza Helwys haraka. Sheria ya kuvumiliana ilipita mwaka 1689, lakini ikawahusu Waprotestanti tu. Wakatoliki walisubiri mpaka mwaka 1829 ndipo wakaruhusiwa kuingia Bungeni. Myahudi wa kwanza kukaa humo bila kuapa kiapo cha Kikristo alisubiri mpaka mwaka 1858. Charles Bradlaugh, asiyeamini Mungu, alichaguliwa mwaka 1880, akazuiwa kukaa kwenye kiti chake mpaka mwaka 1886. Kutoka kitabu cha Helwys mpaka Wakatoliki kuingia Bungeni ni miaka 217. Na kila mara sheria ilipolegea, mtaa haukulegea pamoja nayo. Mwaka 1780, kwa sababu Bunge lilikuwa limewapunguzia Wakatoliki mzigo kidogo tu, London iliwaka moto siku kadhaa na mamia ya watu wakafa.

Thomas Paine, Mwingereza mwingine aliyeishia kukimbilia Ufaransa, aliona tatizo kwenye neno lenyewe. Mwaka 1791 aliandika kwamba anayedai mamlaka ya kukuvumilia ni ndugu yake yule anayekataa kukuvumilia, maana wote wawili wanaamini uhuru wako uko mfukoni mwao. Sisi tulio ugenini tunamwelewa bila kufafanuliwa. Tunajua ladha ya kuvumiliwa. Ni bora kuliko kufukuzwa, tena sana, na wenyeji wetu tunawashukuru. Lakini anayevumiliwa analala na sikio moja wazi.

Kwa hiyo turudi kwetu. Mwaka jana pale bombani nilimwona mama mmoja akiambiwa arudi mwisho wa foleni. Alikuwa amefika mapema, ndoo yake ilikuwa ya tano. Kosa lake lilikuwa moja: alimwita mtoto wake kwa lugha ambayo baadhi yetu, tukiisikia, tunakumbuka usiku tulioondoka. Waliomwambia arudi nyuma ni watu waliokimbia kwa sababu ya lugha yao wenyewe. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Mama alichukua ndoo yake, akarudi nyuma kimya, kama mtu aliyezoea. Ndoo ya tano na ndoo ya arobaini, mtasema, ni jambo dogo. Ila waliomrudisha walijisikia wanatenda haki. Hicho ndicho kilichonitisha.

Siku tukirudi, wapo kati yetu watakaokuwa viongozi. Watakuwa machifu, walimu, maafande, wachungaji. Tunaimba kwamba kizazi hiki kitajenga nchi mpya kwa sababu kimeonja machungu. Sandys naye alionja. Tusiyategemee machungu yatufanyie kazi ambayo inatupasa tuifanye wenyewe.

Kazi yenyewe naiona hivi. Chukua malalamiko yako makubwa kuliko yote, lile unalomsimulia kila afisa wa mahojiano. Litoe jina lako, litoe kabila lako. Weka jina la watu unaowaogopa. Kisha lisome tena. Kama bado linakuuma, hata kidogo, basi ulikuwa unalalamikia dhuluma. Kama halikuumi, ulikuwa unalalamikia zamu. Jaribio hili ni gumu. Nimelifanya mwenyewe na si kila mara linaniacha salama.

Na kwa kuwa si kila mtu atalifanya, tunahitaji pia taratibu. Waingereza hawakuokolewa na wema wa mioyo. Sehemu kubwa walichoka kwa vita, wakaona hakuna upande utakaowamaliza wengine, wakaanza kidogo kidogo kumnyang'anya kila mshindi uwezo wa kuorodhesha maadui zake. Na kabla ya sheria, kulikuwa na watu wadogo. Chini ya Elizabeth kila kanisa lilikuwa na wazee waliopaswa kuandika majina ya wasiohudhuria ibada ili watozwe faini. Wengi hawakuandika. Waliyajua majina, jirani ni jirani, lakini kalamu haikufika huko. Hawakutunga falsafa yoyote, na hatuyajui majina yao, lakini kuna familia zilizolala nyumbani kwao kwa sababu ya karatasi waliyoiacha nyeupe.

Sisi hapa tunaishi kwa orodha. Orodha ya mgao, ya mahema, ya kuni, ya mahojiano, ya wanaotakiwa kurudi nyuma bombani. Ndugu wa mashirika, mkichagua nani ashike kalamu, msimchague kwa sababu ameteseka kuliko wengine. Wekeni orodha mahali kila mtu anaweza kuisoma, wekeni mahali pa kukata rufaa, na mbadilishe mshika kalamu kabla hajaizoea. Na wewe ndugu msomaji ambaye kesho utaitwa kuandika majina ya mtaa wako, kumbuka kwamba jina la yule unayemwogopa linachukua mstari mmoja tu, kama la kwako.

Pale Spitalfields alipohubiri Helwys, barabara ya Brick Lane, kuna jengo la mwaka 1743. Lilijengwa na Wahugenoti, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa. Baadaye likawa kanisa la Wamethodisti, kisha kuanzia mwaka 1898 sinagogi la Wayahudi waliokimbia mauaji ya Urusi, na tangu mwaka 1976 ni msikiti wa watu waliotoka Bangladesh. Msidhani kila mgeni alipokelewa vizuri. Mwaka 1978 kijana mshona nguo, Altab Ali, aliuawa kwa kisu jirani na hapo kwa sababu ya rangi yake. Jengo halijamfundisha mtu chochote. Linaonyesha tu kwamba kuta zile zile zinaweza kubeba sala za watu wanaoaminiana kuwa wamepotoka, mradi pawepo watu wanaokataa, kila kizazi upya, kumwambia mwingine arudi mwisho wa foleni.